Akaunti ya hundi yenye riba kubwa ya krediti yunioni au akiba ya mtandaoni: ipi itakulipa zaidi Marekani?

Dola 10,000 zikikaa mwaka mzima kwenye akaunti inayolipa asilimia 0.01, kiwango cha kawaida kabisa kwenye benki kubwa za Marekani, zinazaa dola moja. Pesa hizohizo kwenye akaunti ya hundi (checking, yaani ya matumizi ya kila siku) ya krediti yunioni inayotangaza asilimia 5 zinazaa dola 500. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu, na ni ya kweli. Ila kabla dola 500 hazijafika mkononi kuna masharti ya kutimiza kila mwezi, kuna ukomo wa kiasi kinacholipwa riba hiyo, na kuna mzunguko wa tarehe ambao haufuati kalenda ya ukutani.

Tena mshindani wake wa haki si ile akaunti ya benki kubwa. Ni akaunti ya akiba ya benki ya mtandaoni, ambayo inalipa vizuri bila kukudai chochote. Hizo mbili ndizo tunazolinganisha hapa. Mwishoni tutagusa kidogo amana ya muda maalumu na hati za hazina ya serikali, kwa sababu kuna watu ambao jibu lao liko huko.

Krediti yunioni ni nini, na asilimia 5 inatoka wapi

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda hana haja ya maelezo marefu: krediti yunioni ni SACCOS. Wenye mali ni wanachama. Unaingia kwa kuweka hisa, mara nyingi dola 5, kwenye akaunti ya akiba ya uanachama, na ziada inarudi kwa wanachama kwa njia ya gawio, riba nafuu ya mikopo na ada ndogo. Sheria ya shirikisho inayoziruhusu ni ya mwaka 1934. Leo zinasimamiwa na wakala wa serikali unaoitwa NCUA, na amana ya kila mwanachama inalindwa hadi dola 250,000, sawa na wakala mwingine wa serikali, FDIC, anavyolinda amana za benki.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui. Krediti yunioni zote zenye hati ya shirikisho zina bima ya NCUA, lakini chache zenye hati ya jimbo hutumia bima ya kampuni binafsi, American Share Insurance ya Ohio. Bima hiyo haina dhamana ya serikali ya shirikisho nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, ingia tovuti ya NCUA, tafuta jina la krediti yunioni yako kwenye kipengele chao cha utafutaji, na uone kwamba imeandikwa ina bima ya shirikisho. Kazi hiyo ni ya dakika mbili.

Sasa, riba yenyewe. Kila unaponunua kitu kwa kadi ya debiti, mfanyabiashara anakatwa ada, na sehemu yake inakwenda kwa taasisi iliyotoa kadi. Tangu Oktoba 2011 taasisi zenye mali ya dola bilioni 10 na kuendelea zimewekewa ukomo: senti 21 kwa muamala, pamoja na asilimia 0.05 ya thamani yake, na senti moja ya kupambana na wizi. Taasisi ndogo hazibanwi na ukomo huo, na krediti yunioni nyingi ni ndogo. Ukinunua mara 12 kwa mwezi, unawaingizia pesa. Ukipokea taarifa ya akaunti kwa barua pepe, unawapunguzia gharama ya karatasi na stempu. Mshahara wako ukiingia kwao, wanapata mwanachama ambaye kesho atachukua mkopo wa gari. Na kila mwezi wapo wanachama wanaokosa sharti moja na kulipwa karibu na bure. Hapo ndipo asilimia 5 inapopatikana. Ukishalielewa hilo, masharti yote utaona yana sababu.

Sura ya masharti

Majina utakayokutana nayo ni kama Rewards Checking, Max Checking au Kasasa Cash. Hili la mwisho ni la kampuni ya Austin, Texas, inayotengenezea benki ndogo na krediti yunioni akaunti ya aina hii, kila moja ikiiweka na riba yake. Karibu zote zinadai mambo matatu au manne: manunuzi 10 hadi 15 ya kadi ya debiti kwa kila mzunguko, pesa kuingia kwa njia ya kielektroniki angalau mara moja, kupokea taarifa ya akaunti mtandaoni, na wakati mwingine kuingia kwenye akaunti yako mtandaoni mara kadhaa. Ukikosa moja, umekosa riba ya mzunguko mzima. Hakuna nusu.

Chukua mifano miwili inayojulikana sana. Lake Michigan Credit Union ya Grand Rapids kwa miaka mingi imekuwa na Max Checking: asilimia 3 hadi dola 15,000, kwa manunuzi 10 ya debiti, kuingia mtandaoni mara 4, mshahara kuingia moja kwa moja na taarifa za kielektroniki. Asiyeishi eneo lao aliweza kujiunga kwa kuchangia dola 5 kwa taasisi ya wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva. Consumers Credit Union ya Illinois ilikwenda na ngazi tatu. Mwaka 2023 zilikuwa asilimia 3, 4 na 5, zote hadi dola 10,000. Ngazi ya chini ilitaka manunuzi 12 ya debiti na dola 500 zinazoingia. Ya kati iliongeza matumizi ya dola 500 kwa mwezi kwenye kadi yao ya mkopo, na ya juu ikataka dola 1,000. Uanachama ulikuwa ada ya dola 5, mara moja tu.

Viwango hivi hubadilika, na mkataba wa siku utakayojiunga ndio unaokuhusu. Lakini mpangilio haubadiliki sana, kwa hiyo hesabu ifuatayo itakufaa hata namba zikihama.

Linganisha dola, achana na asilimia

Tuseme akaunti ya kwanza inalipa asilimia 5 hadi dola 10,000, na asilimia 0.1 kwa kinachozidi. Ya pili inalipa asilimia 3 hadi dola 15,000, na 0.1 kwa kinachozidi. Ya tatu ni akiba ya mtandaoni ya asilimia 4 bila ukomo. Kwa mwaka, bila kukosa mwezi hata mmoja:

| Salio lako | Hundi ya 5% | Hundi ya 3% | Akiba ya 4% | Hundi ya 5% kwa 10,000, zilizobaki akiba |
|---|---|---|---|---|
| $5,000 | $250 | $150 | $200 | $250 |
| $10,000 | $500 | $300 | $400 | $500 |
| $20,000 | $510 | $455 | $800 | $900 |
| $30,000 | $520 | $465 | $1,200 | $1,300 |

Angalia mstari wa dola 20,000. Mtu aliyeweka zote kwenye akaunti ya asilimia 5 amelipwa 510, yaani asilimia 2.55 tu kwa jumla, huku jirani yake mwenye akiba ya asilimia 4 akichukua 800 bila kuhesabu manunuzi. Ukomo ndio namba ya kwanza ya kusoma kwenye mkataba, kabla hata ya riba. Akaunti ya hundi iwekee kiasi cha ukomo wake, kingine kipeleke kwingine.

Safu ya mwisho ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mwenye salio kubwa kuliko ukomo. Lakini faida yake juu ya akiba peke yake ni dola 100 kwa mwaka. Dola 100 hizo zinatakiwa zilipie vitu viwili: miezi utakayoteleza, na zawadi za kadi ya mkopo utakazoziacha.

Miezi ya kuteleza kwanza. Kwenye dola 10,000, mwezi mmoja wa asilimia 5 una thamani ya kama dola 41 na senti 67. Ukikosa mwezi mmoja au miwili kwa mwaka bado uko juu ya akiba ya asilimia 4: miwili inakuacha na takriban dola 418. Ukikosa mitatu unabaki na kama 377, na akiba imekupita. Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu: mwezi wa safari ya nyumbani, mwezi wa kubadili kazi, mwezi wa kuumwa, utatimiza masharti? Anayesafiri kwenda Mombasa au Bukoba wiki tano kila Desemba ameshapoteza mwezi mmoja, labda hata miwili, kabla hajaanza.

Kisha kadi ya mkopo. Wengi Marekani wana kadi inayorudisha asilimia 2 ya kila ununuzi. Kila dola unayoipitisha kwenye debiti ili kutimiza idadi ni dola iliyokosa asilimia 2. Manunuzi 12 ya wastani wa dola 30 ni dola 360 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni dola 7.20, na kwa mwaka dola 86.40. Dola 100 zako za faida zimebaki 13 na kitu. Manunuzi hayohayo 12 yakiwa ya wastani wa dola 8, unapoteza dola 23 tu kwa mwaka, na faida inabaki 77. Ndiyo maana debiti itumike kwa vitu vidogo: nauli ya basi, kahawa, maziwa na mkate, maegesho. Friji na tiketi ya ndege zibaki kwenye kadi ya mkopo, ambayo pia ina ulinzi mzuri zaidi namba zako zikiibwa.

Ngazi za kadi ya mkopo za mtindo wa Consumers zina hesabu yake. Kutoka asilimia 3 kwenda 5 kwenye dola 10,000 ni dola 200 zaidi kwa mwaka, kwa kutumia dola 12,000 kwenye kadi yao. Hiyo ni sawa na kuongezewa asilimia 1.67 juu ya chochote ambacho kadi yao yenyewe inarudisha. Kama inarudisha asilimia 1, jumla ni 2.67, na imeishinda kadi ya asilimia 2. Hesabu hii inasimama kwa anayelipa deni lote kila mwezi. Anayebeba deni kwenye kadi kwa riba ya asilimia 20 ana kazi moja tu, kulipa deni lile kwanza, kwa sababu hakuna akaunti ya hundi itakayomfidia.

Wakati unaofaa kila moja

Akiba ya mtandaoni inafuata Benki Kuu ya Marekani kama kivuli. Mwaka 2021, riba ya msingi ilipokuwa karibu na sifuri, akiba nzuri za mtandaoni zililipa kama nusu asilimia, wakati zipo krediti yunioni zilizoendelea kulipa asilimia 2, 3 hata zaidi kwenye hundi zenye masharti. Wakati huo dola 10,000 kwenye hundi ya asilimia 3 zilikupa 300 dhidi ya 50, na usumbufu wote ulijilipa. Julai 2023 riba ya msingi ilipofika asilimia 5.25 hadi 5.50, akiba za mtandaoni zilipanda hadi kuzidi asilimia 4, na hundi ya asilimia 3 haikuwa na maana tena kwa wengi.

Kanuni ya mkono ni hii: chukua riba ya hundi, toa riba ya akiba bora unayoweza kuipata leo bila masharti. Ikizidi kwa pointi mbili au zaidi, fungua. Ikizidi kwa moja, fungua ikiwa tu tayari unatumia debiti kwa vitu vidogo na mshahara wako unaweza kugawanywa. Chini ya hapo, kaa na akiba na uishi kwa amani.

Ukiamua kukaa na akiba, hakikisha unaweka pesa kwenye benki yenyewe, si kwenye programu ya simu inayosema tu kwamba inashirikiana na benki. Mwaka 2024 kampuni ya kati iitwayo Synapse ilifilisika, na wateja wa programu zilizoitegemea walifungiwa pesa zao kwa miezi, kwa sababu kumbukumbu za nani ana kiasi gani hazikulingana. Bima ya FDIC hulipa benki ikianguka. Programu ikianguka hailipi.

Kufungua, hatua kwa hatua

Anza na sifa ya uanachama. Njia ni nne: mwajiri, eneo unaloishi au kufanya kazi, ndugu aliye mwanachama tayari, au chama fulani ambacho unajiunga nacho kwa mchango mdogo. Njia ya ndugu inasahaulika sana. Mara nyingi mtu wa nyumba moja nawe anatosha.

Nyaraka ni kitambulisho chenye picha, namba ya Social Security, na uthibitisho wa makazi kama mkataba wa pango au bili ya umeme. Sanduku la posta halikubaliki kuwa anwani ya makazi. Krediti yunioni kadhaa hupokea ITIN (namba ya mlipakodi) na pasipoti kwa asiye na Social Security, lakini si zote, na mara nyingi hilo haliwezekani kwenye fomu ya mtandaoni. Piga simu kwanza.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Fomu ya mtandaoni hukutambua kwa kulinganisha majibu yako na kumbukumbu za kampuni za historia ya mikopo. Aliyefika juzi hana historia, kwa hiyo mfumo unamkataa ingawa hana kosa. Shida ya pili ni majina. Mtu mwenye majina matatu, ambaye pasipoti inasoma hivi, kadi ya Social Security inasoma vile na leseni imelikata jina la kati, ataonekana kama watu watatu. Aliyepewa viza yenye FNU (jina la kwanza halijulikani) mahali pa jina la kwanza naye anajua adha hiyo. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, na mfumo ukikukataa usirudie kujaza mara tano. Nenda tawini na nyaraka halisi. Kurudia kunaweza kukuwekea alama ya shaka kwenye ChexSystems, daftari linaloangaliwa na benki nyingi kabla ya kufungua akaunti.

Uliza pia kama wataangalia historia yako ya mikopo kwa njia inayoshusha alama. Kufungua hundi peke yake mara nyingi hakushushi. Kinachoshusha ni kale kaboksi ka kuomba huduma ya kutoa zaidi ya salio, ambako kimsingi ni ombi la mkopo. Kaache wazi kama hukahitaji.

Utafunguliwa akaunti mbili: ya hisa yenye dola 5 zako, na ya hundi. Kwenye orodha ya hundi hakikisha umechagua ile yenye riba, maana zipo mbili tatu zenye majina yanayofanana na ya kwanza kwenye orodha huwa ni ya kawaida. Dola 5 za hisa usizitoe. Ukizitoa umejiondoa uanachama.

Kuingiza pesa ya kwanza, tumia uhamisho wa ACH, yaani wa kielektroniki kati ya benki na benki, kutoka benki yako ya zamani. Utathibitisha akaunti kwa viamana viwili vya senti chache vinavyofika ndani ya siku moja hadi tatu. Kadi ya mkopo inakubaliwa kwingine, lakini mtoaji wa kadi anaweza kuihesabu kuwa ni kutoa taslimu na kukutoza. Hundi ya karatasi kwenye akaunti mpya inaweza kuzuiliwa siku nyingi katika siku 30 za mwanzo, kwa hiyo usiitegemee kulipa pango.

Siku hiyohiyo washa taarifa za kielektroniki. Sharti hili linaangaliwa siku mzunguko unapofungwa, na watu wengi hulikosa kwa kudhani kwamba kufungua akaunti mtandaoni kunaliwasha lenyewe. Kisha peleka kwa mwajiri fomu ya mshahara yenye namba ya taasisi (routing number) na namba ya akaunti. Usiandike namba ya akaunti ya hisa kwa makosa. Waajiri wengi wanaruhusu kugawa: dola 500 kwao, nyingine kwenye benki yako ya kawaida. Hesabu malipo moja hadi mawili kabla mgawo haujaanza kufanya kazi, na wiki moja au mbili kabla kadi haijafika kwa posta. Mzunguko wa kwanza ukiuliza mapema wakati mwingine unasamehewa. Usipouliza, usitarajie.

Yanayoharibika, na kwa nini

Karibu kila anayekosa riba amekosa kwa sababu ya tarehe. Ununuzi hauhesabiwi siku uliposwaipu kadi. Unahesabiwa siku ulipoingia vitabuni. Kwenye simu utauona kwanza umeandikwa Pending, na kwa siku moja hadi tatu hauna thamani yoyote kwa sharti lako. Na mzunguko wa masharti aghalabu hufungwa siku moja ya kazi kabla ya mwezi kuisha. Chukua Mei 2026, inayoishia Jumapili. Ukinunua Ijumaa jioni tarehe 29, ununuzi unaingia vitabuni Jumatatu tarehe 1 Juni, na umesaidia mwezi wa sita, si wa tano. Lenga kumaliza idadi ifikapo tarehe 20, na nunua mara mbili zaidi ya inayotakiwa, kwa sababu bidhaa ukiirudisha dukani ule ununuzi unaweza kuondolewa kwenye hesabu.

Kituo cha mafuta kina mtego wake. Ukilipia kwenye pampu, wanazuia kiasi cha kubahatisha, wakati mwingine zaidi ya dola 100, halafu kiasi halisi kinaingia baadaye. Lita zako chache zinakuwa ununuzi mmoja, lakini kwa siku mbili zimekufungia pesa usizozitumia. Lipia ndani.

Kutoa pesa kwenye ATM hakuhesabiwi. Programu za kutumiana pesa kama Zelle, Cash App na Venmo hazihesabiwi sehemu nyingi. Hili lifuatalo linatuhusu sana: kutuma pesa M-Pesa kupitia programu za kutuma pesa, hata ukilipa kwa kadi yako ya debiti, kwa kawaida huingia kwenye kundi la uhamisho wa fedha na si ununuzi. Usilihesabu katika yale 12. Madereva wa programu za usafiri na wa chakula nao wajue kwamba malipo ya papo kwa papo yanayoingia kupitia namba ya kadi si ACH. Malipo ya kawaida ya wiki yanayokwenda kwenye namba ya akaunti ndiyo ACH, ingawa zipo taasisi zinazotaka mshahara wa mwajiri tu. Soma neno walilotumia.

Kuna anayetaka kumaliza kazi kwa dakika kumi, akinunua mara 12 vitu vya dola moja moja kwenye duka moja. Masharti ya akaunti za Kasasa yanasema waziwazi kwamba manunuzi madogo ya siku moja kwa mfanyabiashara mmoja, au yaliyorundikwa mwishoni mwa mzunguko, si matumizi ya kawaida, na akaunti inaweza kubadilishwa kuwa ya kawaida au kufungwa. Sambaza manunuzi yako. Bili ya simu, usajili wa filamu na muziki, na kadi ya basi vikiwekwa kwenye debiti vinakupa matatu au manne kila mwezi bila kukumbuka.

Kwa upande wa ATM, nyingi ya akaunti hizi zinarudisha ada za mashine za wengine hadi kiasi fulani, kwa miezi uliyotimiza masharti tu. Tena krediti yunioni nyingi zimejiunga na mtandao wa Co-op wenye takriban mashine 30,000 bila ada, pamoja na matawi ya pamoja zaidi ya 5,000. Kwa hiyo mwanachama wa Illinois anaweza kuweka taslimu Minneapolis au Columbus kwenye krediti yunioni nyingine kabisa. Akiba ya mtandaoni hapa haina jibu zuri: kuweka taslimu mara nyingi haiwezekani. Anayelipwa taslimu, awe msusi au fundi, lazima hili liwe juu kwenye mizani yake.

Njia nyingine mbili

Amana ya muda maalumu ya krediti yunioni inakufungia riba kwa miezi 6, 12 au zaidi. Ukitoa mapema unakatwa, mara nyingi riba ya siku 90 au 180. Inafaa kwa pesa yenye tarehe, kama ada ya chuo ya Agosti ijayo, hasa ukiona riba za nchi zinashuka. Hati fupi za hazina zinanunuliwa kuanzia dola 100 kwenye TreasuryDirect, tovuti ya hazina yenyewe, na riba yake haitozwi kodi ya mapato ya jimbo. Kwa anayeishi California au New York hiyo ni tofauti inayoonekana. Kwa anayeishi Texas au Washington, ambako mshahara na riba havitozwi kodi ya jimbo, haina uzito.

Kodi na kuondoka

Krediti yunioni inaliita gawio, lakini mamlaka ya kodi inalihesabu kuwa ni riba. Linaongezwa kwenye mapato yako, na likifika dola 10 kwa mwaka utaletewa fomu 1099-INT. Mwanafunzi wa viza ya F-1 ambaye bado anahesabiwa si mkazi kwa kodi, kwa kawaida miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hatozwi kodi ya shirikisho kwa riba ya amana ya aina hii. Ajaze W-8BEN, fomu ya asiye mkazi, badala ya W-9 ya mkazi, na awaambie wazi siku ya kufungua, kwa sababu fomu ya mtandaoni humfanya kila mtu kuwa mkazi.

Ukitaka kufunga, subiri riba ya mzunguko iingie kwanza. Karibu mikataba yote inasema kwamba akaunti ikifungwa kabla ya siku ya malipo, riba iliyokusanyika inapotea. Angalia pia ada ya kufunga mapema, ndani ya siku 90 au 180, na kama utadaiwa kurudisha bonasi ya kujiunga. Anayerudi Afrika Mashariki moja kwa moja anaweza kubaki mwanachama, maana krediti yunioni nyingi hazimtoi aliyekwisha kuingia, lakini hundi yenye masharti haitamfaa tena. Ahamishie pesa kwenye akaunti isiyo na masharti kabla ya kupanda ndege, abadilishe namba ya simu inayopokea misimbo akiwa bado na laini ya Marekani mkononi, na aache salio kidogo pamoja na zile dola 5 ili akaunti isipigwe ada ya kulala, yaani ya kukaa bila kutumika.